Mtoto Atakuwa Wapi? Safari Yetu ya Madaba

Ujumbe wa mwanetu wa Madaba ulitufikia jioni ya Jumatano, tukiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Aliandika hivi: "Mama zangu, shikamooni. Nimepata kazi ya kufundisha Kiingereza nje ya nchi. Njooni mniombee kabla sijaondoka." Tulishangilia, tukaimba hata wimbo mmoja zaidi ya ule tuliopangiwa. Ilikuwa wakati wa kurudi nyumbani, tukitembea gizani, ndipo mmoja wetu aliposema, "Lakini jamani, si yule ana mtoto anayenyonya?"

Tulimjua mwalimu huyu tangu akiwa msichana wa sekondari hapa Songea, mwimbaji wa sauti ya pili. Akina mama wa kanisa tulimchangia nauli alipokwenda chuo kikuu. Alihitimu ualimu wa Kiingereza, akaolewa Madaba, akaanza kungojea ajira ya serikali kama wanavyongoja wenzake wengi. Mwaka wa kwanza ukapita, na wa pili, na wa nne. Katika kungoja huko alijaliwa watoto wawili, akawa anafundisha watoto wadogo katika shule ndogo ya mtu binafsi kwa malipo ambayo mwezi mwingine yalifika na mwezi mwingine hayakufika.

Basi Jumamosi moja ya mwezi Agosti mwaka jana tulifunga safari, akina mama watatu, wauguzi wawili na mshonaji mmoja, na kikapu cha zawadi za watoto.

Njia ya kupanda kuelekea baridi

Ukitoka Songea kuelekea kaskazini, barabara inapanda polepole. Madaba ipo karibu katikati ya Songea na Njombe, na kila unapoacha kijiji kimoja nyuma, hewa inakuwa baridi zaidi kidogo, mpaka unajikuta umefunga khanga juu ya sweta. Agosti ni mwezi wa kiangazi. Mahindi yalikuwa yameshavunwa na kupukuchuliwa, na magunia yalisimama mbele ya nyumba kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Mkoa wetu wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, na wakati huo wa mwaka unauona utajiri huo kwa macho. Unaona pia kwamba utajiri huo umo katika magunia tu mpaka mnunuzi atokee.

Barabara hii ya lami, kutoka Makambako hadi Songea, ilijengwa kwa msaada wa Uingereza na kukamilika katikati ya miaka ya 1980. Wazee wanakumbuka ilivyokuwa kabla ya hapo, magari yakinasa kwenye tope siku mbili au tatu wakati wa masika. Lakini hata bila lami watu wa huku waliondoka. Wakati wa ukoloni, wanaume wa Ungoni na wa vilima hivi walikwenda kwa maelfu kukata mkonge Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba yake. Wanaume walikwenda, na wanawake walibaki na watoto na jembe.

Tulikuwa tukilizungumza hilo ndani ya basi, na mshonaji wetu akasema, "Siku hizi mambo yamegeuka. Anayeondoka ni mama." Hatukujua bado kwamba maneno hayo tutayasikia tena usiku ule, kutoka kwa mtu aliyeyaishi.

Karatasi tatu juu ya meza

Nyumba ya mwalimu ipo kando kidogo ya barabara kuu, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye karakana ya useremala ubavuni. Baba watoto ni fundi, na hakosi mbao, maana misonobari na mikaratusi imepandwa kwa wingi pande hizi. Mwalimu alitupokea kwa kupiga magoti kidogo, kama alivyolelewa, na mtoto mgongoni. Mtoto yule alikuwa na miezi 11. Wa kwanza, binti wa miaka 4, alisimama nyuma ya mlango akituhesabu. Mama mkwe alitoka jikoni akijifuta mikono. Tulimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba wanangu. Karibuni, moto upo."

Baada ya ugali, maharage na chai ya rangi, mwalimu alitandika karatasi tatu mezani. Hapo ndipo tulipojua kwamba kazi aliyotuandikia bado haikuwa moja. Zilikuwa njia tatu, naye alikuwa ameshachagua moja moyoni.

Karatasi ya kwanza ilikuwa picha ya ujumbe wa wakala aliyempata kwa simu. Ilihusu kazi ya kufundisha Kiingereza Thailand, kwa mshahara ambao hapa Madaba mtu angejengea nyumba. Alitakiwa atume shilingi 1,800,000 za kushughulikia viza, asafiri kwa viza ya utalii, na mkataba angeusaini huko huko. Baba mkwe alikuwa ameshakubali kuuza mahindi. Tulipouliza habari za watoto, alituonyesha jibu la wakala: "Watoto utawafuata baadaye."

Karatasi ya pili ilihusu Marekani. Upo mpango wa Fulbright unaowachukua walimu vijana, hasa wanaofundisha Kiingereza makwao, kwenda kusaidia kufundisha lugha yao ya kwao katika vyuo vya huko kwa mwaka mmoja wa masomo, yaani miezi 9 hivi. Watanzania wamekwenda kwa njia hiyo kufundisha Kiswahili. Ni njia ya heshima na haimdai mtu fedha ya kuomba. Lakini mpango huo humgharimia mwalimu peke yake. Mume na watoto hubaki nyumbani.

Karatasi ya tatu ilikuwa barua ya shule moja ya mchepuo wa Kiingereza mjini Kigali, Rwanda. Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa karatasi zile mbili, ingawa uliupita mbali ule wa Madaba. Alikuwa ameiweka chini kabisa.

"Ipi umeichagua, mwanetu?" tuliuliza.

Aliweka kidole juu ya Thailand. "Mama zangu, ni miaka miwili tu. Bibi yupo. Nikirudi nitakuwa na mtaji."

Kuna waliokwenda kabla yetu

Hatukumkemea. Sisi tunafanya kazi wodini, tunajua kwamba mama mwenye shida hakosi akili, ila amechoka. Tulianza kwa kumweleza tunayoyajua.

Tulimwambia kwamba mwanamke wa kwetu kwenda ng'ambo kwa ajili ya Kiingereza chake si jambo la jana. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka Oman, Julai 1970, nchi ile ilikuwa na shule 3 tu za serikali, zote za wavulana. Aliwaita watu wenye asili ya Oman waliotawanyika duniani, na wengi waliokwenda walitoka Zanzibar na mwambao wetu. Walikuwa wamesoma, na walijua Kiingereza kuliko wengi waliowakuta kule. Wanawake miongoni mwao waliingia madarasani, hospitalini na maofisini katika miaka ile ya mwanzo. Hata leo ukifika Muscat unasikia Kiswahili sokoni, kwa sababu familia zilihama, na lugha haihami kwenda nyumba ya pili bila mama na mtoto.

Tulimweleza pia habari za Rwanda. Mwaka 2008 serikali ya nchi ile iliamua kwamba masomo shuleni yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Walimu wengi waliopo walikuwa wamesomea Kifaransa, hivyo walimu kutoka Uganda na Kenya wakavuka mpaka kwenda kuziba pengo. Kisha Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Itifaki hiyo inamruhusu mfanyakazi wa nchi mwanachama kufuatana na mwenzi wake na watoto wake. Mwalimu alikuwa hajalisikia hilo. Aliivuta barua ya Kigali kutoka chini, akaiweka juu ya zile mbili, kisha akairudisha tena chini. Mshahara, mpendwa msomaji, una mvuto wake.

Kuhusu Asia tulimwambia ukweli ambao mawakala hawausemi. Nchi kadhaa za huko hutazama kwanza pasipoti ya mwalimu, ndipo zitazame vyeti vyake. Korea Kusini, kwa mfano, viza ya mwalimu wa Kiingereza hutolewa karibu yote kwa raia wa nchi 7 ambako Kiingereza huhesabiwa kuwa lugha ya nyumbani, na katika Afrika nzima iliyomo ni Afrika Kusini peke yake. Thailand inawapokea na wengine, na Waafrika wapo wanaofundisha kule kihalali. Lakini hao wana shahada, wana kibali cha baraza la walimu la nchi ile, na wana kibali cha kazi. Viza ya utalii haimpi mtu ruhusa ya kusimama mbele ya darasa.

Na lipo la kutisha zaidi. Kuanzia mwaka 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwaonya raia wake juu ya ahadi za kazi nzuri Thailand, kwa sababu vijana waliozifuata walivushwa mpaka hadi Myanmar, wakafungiwa kwenye majumba na kulazimishwa kuwatapeli watu kwa kompyuta. Februari 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi walitolewa katika majumba hayo, wakiwamo Wakenya, Waganda na Waethiopia. Baadhi yao walikuwa wahitimu wa vyuo, kama mwanetu huyu.

Baba watoto, aliyekuwa amekaa kimya karibu na mlango, aliuliza swali moja: "Kwa hiyo mahindi tusiyauze?" Tulimjibu kwamba hatumjui wakala yule wala hatumhukumu. Tulimwambia tu kwamba wakala halali wa ajira ana leseni ya serikali, na mtu anaweza kuuliza habari zake TaESA, inayoshughulika na huduma za ajira, kabla ya kutuma hata shilingi moja. Na kama anataka fedha kwanza na mkataba baadaye, huyo amejieleza mwenyewe.

Maneno ya jikoni

Wakati wa kulala tulihamia jikoni, kwa sababu huko ndiko kwenye joto. Bibi aliongeza kuni. Mwalimu alikuwa akinyonyesha, na mtoto alikuwa amemshika kidole gumba cha mkono kama kawaida ya watoto.

Bibi ndiye aliyeanza. Alisema baba yake alikuwa manamba. Alikwenda Tanga yeye akiwa bado anabebwa, akarudi yeye akiwa ameanza kuchunga mbuzi. "Alipoingia uani nilikimbia," alisema. "Nilidhani ni mtoza kodi. Alinileta gauni zuri, nikalipokea, lakini kumwita baba ilinichukua mwaka mzima."

Kisha akamgeukia mkwewe. "Wajukuu zangu nitawalea, mama. Nimelea 6 wa kwangu na hawa hawanishindi. Ugali nitawapa, uji nitawapa. Lakini ziwa sina."

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha mmoja wetu watatu, na hatusemi ni nani, akafungua moyo wake. Alipokuwa kijana alikwenda kujiendeleza kwa stashahada ya uuguzi, mbali na nyumbani, miaka miwili. Alimwacha mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili kwa dada yake. Dada alikuwa mwema, na mtoto hakukosa chakula wala nguo. Siku mama aliporudi na cheti chake, mtoto alijificha nyuma ya gauni la mama mkubwa, akachungulia, akasema, "Shikamoo shangazi." Mama yule alicheka mbele ya watu, akaenda kulia chooni.

"Stashahada ile imetulisha," alisema. "Siijutii. Mtoto wangu ni mtu mzima sasa na tunapendana. Lakini kama ningeulizwa leo, ningesema nipeni chuo cha karibu, au nipeni miezi kadhaa nimwachishe ziwa kwanza. Hakuna aliyeniuliza. Na mimi mwenyewe sikujiuliza."

Tulimkumbuka Hana wa Biblia. Alimtoa Samweli kwa Bwana, na aliweka nadhiri ya kweli, lakini hakwenda naye hekaluni siku ya pili yake. Alikaa nyumbani hadi alipomwachisha ziwa, na mumewe Elkana alikubali. Hata mbele ya nadhiri, mtoto alipewa muda wake.

Kama wauguzi tuliongeza yetu. Mtoto hunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha huendelea kunyonya huku akila vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Kumwachisha mtoto wa miezi 11 ghafla, kwa sababu ndege inaondoka Alhamisi, ni kumpa majonzi mawili kwa siku moja, ziwa na mama. Wodini tunawaona watoto wa namna hiyo. Wengine hukataa kula, kisha hukonda, na bibi maskini hudhani amekosea yeye.

Mwalimu alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya khanga. "Basi nikae tu hapa Madaba?" aliuliza. "Nizeeke na shahada yangu sandukuni?"

Swali hilo ni la haki, msomaji. Wengi wetu tungemjibu, "Kaa, Mungu atafungua njia." Sisi hatukuweza kumjibu hivyo. Wanawe watahitaji ada, na mbao za baba yao haziuzwi kila mwezi. Wala si kweli kwamba mama mwema ni yule asiyetoka. Vijiji vya huku vina kumbukumbu nyingine pia. Katika miaka ya 1960, vijiji vya ujamaa vya Ruvuma vilipoungana kujitafutia maendeleo, Matetereka ya hapa Madaba ikiwa kimojawapo, Mwingereza Ralph Ibbott alikuja kufanya kazi ya ushauri katika kijiji cha Litowa. Hakuja peke yake. Alikuja na mkewe Noreen na watoto wao, wakaishi kijijini, mpaka umoja ule wa vijiji ulipovunjwa mwaka 1969. Kama watu wa mbali waliweza kuja kufanya kazi kwetu na watoto wao, kwa nini wetu wasiweze kwenda na wao?

Barua moja, swali moja

Asubuhi, kabla ya ibada, tulikaa naye tukamsaidia kuandika ujumbe mfupi, mmoja kwa wote watatu. Hatukuuliza mshahara. Tuliandika kwa Kiingereza chake kizuri: nina watoto wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miezi 11, je, wataishi wapi na nani, na mkataba unasema nini juu yao?

Majibu yalikuja kwa zamu. Wa mpango wa Marekani walijibu kwa upole, kama tulivyotazamia, kwamba mwalimu husafiri peke yake. Hilo aliliweka akiba, kwa miaka ya baadaye, kama umri utaruhusu. Wakala wa Thailand alijibu kwa kuuliza kama fedha ziko tayari. Alipoulizwa mara ya pili hakujibu tena. Shule ya Kigali ilichukua siku 9. Ikajibu kwamba ina chumba na sebule kwa mwalimu mwenye familia, kwamba mtoto mkubwa angesoma kwa nusu ada, na kwamba kwa mdogo haikuwa na mahali pa kumlea. Alitakiwa kuripoti Januari, na haingeweza kumngojea zaidi ya hapo.

Januari mtoto angekuwa na miezi 16. Bado angekuwa ananyonya, lakini usiku na asubuhi angetosheka. Swali lililobaki lilikuwa la mchana. Nani angekaa na mtoto mama akiwa darasani?

Tuliambiwa baadaye kwamba jambo hilo lilileta siku ngumu katika nyumba ile. Baba watoto alisema hawezi kwenda kukaa nchi ya watu akila mshahara wa mke. Ndugu zake walisema hivyo pia, kwa sauti kubwa zaidi. Aliyemaliza ubishi alikuwa Bibi. Alimwambia mwanawe, "Babu yako alikwenda Tanga akatuacha, na hakuna aliyemcheka. Wewe unaogopa kuchekwa kwa kwenda na wanao?"

Yanayotakiwa mkononi

Dada msomaji, huenda na wewe una barua kama hizo ndani ya kabati, au binti yako anazo. Tunakuandikia yale tuliyojifunza kwa kumsindikiza mwalimu huyu, ili usianze na sifuri kama yeye.

Kwanza ni cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Katika mikoa mingi sasa watoto walio chini ya miaka 5 husajiliwa bila malipo kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata. Usingoje safari. Bila cheti hicho hakuna pasipoti ya mtoto, na kila mtoto, hata wa mgongoni, anahitaji hati yake ya kusafiria. Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, imekuwa ikigharimu shilingi 150,000 kwa kila mtu. Familia ya watu wanne ipige hesabu mapema.

Pili ni kadi ya kliniki. Hii wengi huisahau, kwa sababu hakuna askari wa mpakani anayeidai. Sisi tunaidai. Kadi hiyo inasema mtoto alichanjwa nini na lini, na muuguzi wa nchi nyingine anaweza kuisoma hata kama hajui Kiswahili. Mtoto wa kwetu hupata chanjo ya surua na rubella akiwa na miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 18. Mkihama katikati ya hizo mbili, ya pili husahaulika kwa urahisi. Chanjo ya homa ya manjano, ambayo baadhi ya nchi huidai mpakani, kwa kawaida haitolewi kwa mtoto aliye chini ya miezi 9. Uliza kituo chako wiki kadhaa kabla ya safari.

Tatu ni mkataba ulioandikwa na kusainiwa kabla ya kuondoka, unaotaja saa za kazi, mshahara, nyumba, matibabu, na nani analipa nauli ya kurudi. Acha nakala kwa mzazi wako na nyingine kwa mchungaji.

Nne ni makubaliano ya mume na mke, na haya hayaandikwi na serikali yoyote. Kaeni wawili bila wazazi wala ndugu. Mwulize atafanya nini mchana. Mwache aseme anachokiogopa. Kazi ya nje ikivunja nyumba, mshahara wake utalipa kodi ya nyumba mbili.

Na kama hakuna njia ya kwenda na mtoto, na njaa ipo mlangoni, hatutakunyoshea kidole. Wapo mama waliokwenda peke yao kwa machozi na Mungu aliwatunzia watoto wao. Tunakuomba tu ujiulize swali lile mapema, kwa sauti, mbele ya wale watakaobaki na mtoto: mtoto atakuwa wapi, na mikononi mwa nani? Umwulize na bibi pia. Mara nyingi yeye ndiye anayepangiwa kila kitu bila kuulizwa.

Kadi ya Madaba

Waliondoka wiki ya pili ya Januari, watu wanne na mabegi manne. Walipanda basi pale pale kando ya barabara ya Madaba, asubuhi ya ukungu na mvua, kwenda Makambako na Iringa, kisha Dodoma, Singida na Kahama, hadi mpaka wa Rusumo. Magunia ya mahindi yaliuzwa nusu tu, kwa ajili ya pasipoti na nauli. Bibi alibaki na nusu ya pili, na mbuzi, na simu ndogo aliyofundishwa kupokea kwa kidole kimoja.

Hatutaki kukudanganya kwamba kila kitu ni sukari. Kigali ni mji wa gharama. Baba watoto bado hajapata kazi ya kudumu ya useremala. Anatengeneza viti viwili vitatu kwa majirani, na asubuhi ndiye anayempikia mdogo uji. Kuna jioni mwalimu hutupigia simu bila kusema jambo lolote, anataka tu kusikia Kiswahili cha Songea. Mkataba ni wa mwaka mmoja, na mwisho wake watakaa tena mezani.

Mwezi Machi alitutumia picha. Tulidhani ni picha ya watoto. Ilikuwa kadi ya kliniki, ile ile ya Madaba, pembe zake zimekunjika, na jina la kijiji limeandikwa kwa kalamu ya buluu. Kwenye mstari wa chanjo ya miezi 18, muuguzi wa Kigali tusiyemjua alikuwa ameandika tarehe na kuweka sahihi yake.

Chini ya picha mwalimu aliandika: "Mama zangu, yupo hapa. Ananyonya usiku tu."